Waifai ya Sabili

Marehemu Hassan wa Mtongwe alikuwa mtu wa kufunga madirisha. Pilau ikipikwa kwake, huzunguka nyumba nzima akiyafunga moja baada ya jingine, kwa hoja kwamba harufu nayo ni chakula, na chakula hakimwagwi njiani. Mkewe, Bi Mwanatabu, akipika huku jasho linamtiririka, na majirani wakijua leo kwa Hassan kuna pilau kwa sababu madirisha yamefungwa.

Si pilau tu. Baraza ya nje, ambayo nyumba hujengewa ili mpita njia apumzike, Hassan aliipaka oili chafu aliyoitoa kwenye godauni alikokuwa karani. Aliyekaa pale mara moja hakukaa mara ya pili. Redio aliisikiliza kwa sauti ya chini, akiamini sauti kubwa hula betri, na sabuni ya mche aliikata kwa uzi vipande vyembamba hata ukiosha mikono huwezi kujua ni sabuni au ni kumbukumbu yake. Mezani alikuwa hivyo hivyo. Akipikwa samaki, yeye hula mkia. Kichwa alisema hakipendi, na Bi Mwanatabu akala vichwa vya samaki maisha yake yote ya ndoa, akimshukuru Mungu kwamba kuna kitu kimoja duniani mumewe asichokionea choyo.

Alikufa kwa utaratibu, bila gharama ya hospitali, na wapo waliosema hata hilo alilipanga.

Sasa, makaburini kuna desturi. Maiti akishaswaliwa, imamu huwageukia watu akauliza, "Mwamshuhudiaje ndugu yenu huyu?" Jibu lajulikana. Hata mwizi wa mbuzi husemwa alikuwa mtu wa kheri, kwa kuwa kila aliyesimama pale ajua siku yake yaja, naye atahitaji majirani wenye huruma kuliko ukweli. Lakini walipoulizwa juu ya Hassan pakapita kimya. Mtu akakohoa. Mwingine akatazama viatu vyake. Mwishowe sauti moja ya nyuma ikasema, "Alikuwa… mtu wa mpango."

Wanawake hawaendi makaburini, lakini maneno ya makaburini hufika jikoni kabla ya walioyasema. Aliyemletea Bi Mwanatabu ni wifi yake Jalila, dada wa Hassan, aliyekuja matangani kutoka Kiembeni, na aliyaleta huku analia na mabega yakimcheza, usijue ni kilio au kicheko. Bi Mwanatabu hakucheka. Neno lile lilimchoma. Mtu umeishi naye tangu ujana wako, umemfulia, umemuuguza, halafu anakwenda mbele ya Mola wake na barua ya sifa iliyosema ana mpango! Tangu siku ile alitaka jambo moja tu: watu wakilitaja jina la Hassan waseme "Mungu amrehemu," na waseme kutoka moyoni.

Njia akaipata eda ilipokwisha, na ilikuja na waya.

Binti yake Nadira, anayefanya kazi Doha, aliona mama amebaki peke yake na kuta, akalipia waifai iingizwe nyumbani ili bibi na mjukuu waonane kila jioni. Fundi aliyekuja aliitwa Clifford, kijana wa bara mwenye ngazi na haraka. Alitoboa ukuta, akapachika kisanduku chenye vitaa karibu na picha ya Kaaba, kisha akauliza jina la mtandao na neno la siri.

"Jina andika Sadaka ya Hassan," alisema Bi Mwanatabu. "Neno la siri la nini?"

"Watu wasiingie, mathe. Bila paswadi mtaa mzima utakuja kukunywa hapa."

Kunywa! Neno lile lilimfungua Bi Mwanatabu kichwa. Akamkumbuka nyanyake, aliyekuwa akiweka mtungi wa maji ya sabili nje ya mlango, na kata juu yake. Mpita njia yeyote, ajulikane asijulikane, hunywa, hupangusa midomo na kusema, "Mungu amrehemu mwenye maji." Mtungi ule ulikuwa sadaka ya babu aliyekwisha kufa, na kila funda lilimfikia kaburini. Siku hizi nani ana kiu ya maji? Kila mtu ana chupa yake mkononi. Kiu ya siku hizi ni nyingine, na hiyo hapa dawa yake inawaka vitaa ukutani.

"Mwanangu," akamwambia Clifford, "mtungi wa sabili watiwa kufuli?"

"Mathe, sabili mimi siijui," akajibu Clifford akikunja ngazi yake. "Watu nawajua."

Bi Mwanatabu alimsamehe ujinga wake, akampa chai, na mtandao ukabaki wazi. Hassan aliyezuia harufu isivuke dirisha sasa alikuwa anavuja kupitia kuta zote nne, hadi kwa muuza mkaa.

Habari hizo hazikuhitaji mbiu. Kwanza alikuja kijana mmoja akasimama karibu na ukuta, kama aliyesahau aendako. Kisha wawili. Ijumaa ilipofika, baraza ya Hassan, iliyosuguliwa oili yake na Bi Mwanatabu mwenyewe kwa majivu na ndimu, ilikuwa imejaa pomoni. Bi Mwanatabu alichungulia dirishani na machozi yakamlenga. Hatimaye nyumba yake ina baraza! Akafunga leso, akapika kahawa, akatoka nayo na sinia.

"Masalkheri, wanangu."

Vichwa vyote vimeinama, kwa unyenyekevu ambao imamu wa msikiti wao angeutamani, ila hakuna aliyeitikia salamu.

"Masalkheri!"

"Mm," alijibu mmoja, bila kuinua uso. Mkono wake ukapapasa hewani, ukakipata kikombe, ukakipeleka mdomoni. Kahawa ilikuwa moto, akaguta, na ndio ukawa mchango wake katika mazungumzo ya jioni ile.

Baraza za zamani zilikuwa na ubishi, bao, masengenyo mazuri yaliyopimwa. Hii ilikuwa na watu kumi na kitu waliokaa bega kwa bega, kila mmoja yuko nchi yake. Mkubwa wao alikuwa Abubakar, mtu mzima mwenye ndevu za heshima, ambaye tangu zamani hana kazi lakini ana shughuli. Yeye alifika na mto wake wa kukalia. Bi Mwanatabu alimwuliza kwa upole anatazama nini.

"Mawaidha, bibi," alisema Abubakar, akaigeuza simu upande. Mara akaruka wima. "Goli! Wallahi goli! Nimekula mkeka!"

Bi Mwanatabu aliingia ndani na sinia lake. Jambo jipya likaanza kumsumbua. Ikiwa kila funda la maji humfikia marehemu, je, na mkeka wa Abubakar wa kubashiri mechi nao unamfikia? Akamwona Hassan kaburini, mtu ambaye hakuwahi kucheza hata karata kwa kuogopa kupoteza, sasa anaulizwa habari za kamari ya mtaa mzima.

Hilo angelivumilia. Wema una chenga zake kama mchele. Lakini watu walizidi, na kwa kadiri walivyozidi ndivyo mtandao ulivyopungua. Ikawa jioni akimpigia Nadira, uso wa mjukuu unatokea, unaganda mdomo wazi, unapotea. Bi Mwanatabu akawa anaongea na mtoto aliyeganda, akimwimbia, asijue kama anasikika. Na nje nako hakukuwa na furaha. Jioni moja, akiwa kando ya dirisha na simu yake iliyoganda, alisikia sauti ya Abubakar, ile ile ya mawaidha.

"Yaani huyu Hassan! Hata kaburini yuwabana! Mtu gani mbahili mpaka sadaka yake?"

Baraza nzima ikacheka. Ndiyo mara ya kwanza walicheka pamoja. Mwingine akadakia kwamba labda mzee anaifunga na kuifungua mwenyewe kwa kuogopa betri, na hapo wakapigana mabega.

Bi Mwanatabu alikaa chini sakafuni. Shukrani ya punda ni mateke, alilijua hilo, ila hakujua kwamba mateke yatampita yeye yende kumwangukia maiti. Alikuwa ametoka kumtafutia mumewe jina, na jina alilompatia ni baya kuliko la kwanza. Mtu wa mpango, angalau, si tusi.

Aliyemkuta amekaa sakafuni ni Mueni, jirani wa mlango wa mbele, mwanamke wa Kikamba anayeshona kwenye kiwanda cha nguo Changamwe. Mueni hana maneno ya kuzunguka. Humnyooshea mtu neno kama mshono wa cherehani. Yeye pia ana waifai, ameifunga, na jina alilolipa ni Nunua Yako.

"Mama Nadira, funga hiyo kitu," alisema Mueni.

"Sadaka haifungwi, Mueni."

"Hao hawajapewa sadaka. Sadaka mtu hupewa, anaona mkono wa anayempa. Hao wameokota. Nani kati yao amepiga hodi kwako?"

Bi Mwanatabu alifikiri. Hakuna. Hata mtungi wa nyanyake, kumbe, haukuwa wazi hivyo. Mtu alikuwa hashiki kata kabla hajapaza sauti, "Hodi wenyewe, nakunywa maji," na ndani ikajibu sauti, "Kunywa, baba." Kufuli lake lilikuwa ni hilo. Yeye ameweka mtungi, akasahau hodi.

Nadira akamwelekeza kwa simu, kidole baada ya kidole, hata mtandao ukafungwa. Neno la siri akaliweka jina la kijiji alikozaliwa.

Kilio cha asubuhi yake hakijapata kusikika Mtongwe hata kwa msiba. Watu walifika barazani, wakashika simu, wakaangalia juu kama wanaotafuta mvua. Baadaye, kwa mara ya kwanza tangu waya uingie, mlango wa Bi Mwanatabu ukasikia sauti.

"Hodi! Hodi hapa! Shikamoo, bibi!" Ni Abubakar, na nyuma yake ujumbe mzima.

"Marahaba. Leo mwanijua?"

"Bibi, tumeamka hatuna Hassan."

Ndipo alipofanya kosa lake, na kosa la mtu mwenye uchungu hutoka limevaa nguo za haki. Akawaambia neno la siri atampa kila mmoja kwa bei moja. Aje peke yake, aketi, amshuhudie Hassan kama walivyoulizwa makaburini wakakohoa. Aseme wema mmoja wa Hassan, basi.

Hawakukawia. Wa kwanza alisema Hassan alimlipia karo, na sauti ikamtetemeka. Wa pili alisema Hassan alimnunulia mama yake dawa. Wa tatu alisema alifundishwa kuogelea na Hassan, ambaye hata kwenye feri alikuwa akisimama katikati kabisa akishika shati la mtu. Msichana mmoja, aliyehamia Mtongwe baada ya mazishi, alilia kwa kwikwi, akasema hatampata tena mzee kama yule. Mwingine akashukuru kwamba Hassan, enzi za uhai wake, alikuwa akiwapa waifai bure. Nje barazani wakawa wanapangana: "Wewe usiseme karo, karo nishasema mimi. Chukua dawa." Dawa zilipokwisha wakaingia mabati, na mabati yalipokwisha ikawa Hassan amechimba kisima.

Na Bi Mwanatabu? Alikaa kwenye kiti chake cha ukindu, macho ameyafumba, akila sifa zile kama halua. Alijua ni uongo. Lakini uongo mtamu ukiurudia mara nyingi huanza kuwa kama jamaa yako, na mchana ulipofika alikuwa karibu aamini habari za kisima. Kwa kila shahidi alisema, "Mungu akulipe," na kumnong'oneza neno la siri.

Akaingia Abubakar, wa mwisho, kwa kuwa alitaka kumaliza kwa kishindo. Akaketi, akasafisha koo.

"Bibi, mimi sitasahau. Siku moja napita hapa na njaa yangu. Mzee Hassan akaniita dirishani. Madirisha yote wazi, bibi! Harufu ya pilau imejaa mtaa. Akaniambia, Abubakar, pilau hii naipika nikiwa nakufikiria wewe."

Bi Mwanatabu alifumbua macho.

Madirisha wazi. Alijaribu kumwona Hassan akifungua dirisha kwa ajili ya pilau, na hakumwona. Alimwona mtu mwingine, mnene, mwenye kucheka ovyo na mkono mfukoni, amekaa mahali pa mumewe. Mtu yule alikuwa mwema sana. Alikuwa amechimba kisima. Lakini Bi Mwanatabu hakuwahi kuolewa naye, na siku ile nzima alikuwa akipokea rambirambi za mume wa mtu. Wake, aliyefunga madirisha na kukata sabuni kwa uzi, alikuwa amekufa mara ya pili, na aliyemzika ni yeye mwenyewe, kwa kuwauliza watu wamseme asivyokuwa.

Alimpa Abubakar neno la siri ili aondoke tu. Kisha akalia kwa sauti, kilio ambacho matangani hakikuja.

Mueni aliporudi kutoka kazini alimkuta macho yamevimba. Hakuuliza. Alianza kuwasha jiko.

"Mueni," alisema Bi Mwanatabu, "na wewe nishuhudilie Hassan."

"Mimi nina waifai yangu."

"Nishuhudilie hivyo hivyo."

Mueni alisimama na kiberiti mkononi. "Nikuambie ukweli? Mzee hakunipa kitu. Siku moja mvua ya masika ilinikuta hapo nje, nikajibanza chini ya paa lenu. Akatoka. Nikafikiri anakuja kunikaribisha ndani. Akaniambia, mama, songa kidogo, maji yanayotoka kwa nguo zako yanalowesha ukuta wangu."

Bi Mwanatabu alimtazama. Kisha kicheko kikamtoka mbali, kikamtikisa mabega, kikamwangusha leso. "Ndiye!" akasema. "Wallahi ndiye! Alirudi ndani akanambia kuna mtu nje anaharibu chokaa!"

Walicheka hadi Mueni akakaa chini. Wakatajana: sabuni, redio, oili ya baraza iliyoharibu kanzu ya imamu mwenyewe. Kila ubahili waliouinua, Hassan akaingia chumbani zaidi, mwembamba, mwenye kukunja uso, akitazama kama taa haiwaki bure. Bi Mwanatabu hakuwa amemsikia karibu hivyo tangu azikwe.

"Na wewe?" aliuliza Mueni akijifuta macho. "Wewe hukuulizwa huko makaburini. Ungeulizwa ungesema nini?"

Bi Mwanatabu aliiokota leso yake.

"Jalila alikuja wiki iliyopita," alisema. "Nilipika samaki, tewa wa kupaka. Nikala kichwa, ada yangu. Jalila akanambia, nyinyi mwala kwa amani. Kwetu tulipokuwa watoto hakuna aliyekipata kichwa cha samaki ila Hassan. Alikuwa akikipigania mpaka anatuuma. Hakuna kitu alichokipenda kama kichwa cha samaki." Akashika kidevu. "Mimi nimekula vichwa vyake umri mzima, Mueni. Yule bwana hakunambia hata siku moja. Ningeulizwa, ningesema alikuwa bahili kwa watu wote, na jina lake la ubahili ni haki yake, asipokonywe. Lakini kuna kimoja alichokitoa, na nilikila mimi."

Mueni akawasha jiko.

Jioni ile waliibadilisha waifai. Jina la Hassan wakalitoa, apumzike. Neno la siri wakaweka jipya, na sharti likawa moja: upige hodi, uamkie, ukae unywe kahawa, kisha upewe, na likibadilishwa uje tena. Wengi waliona gharama hiyo ni kubwa mno, wakahamia kwenye hoteli moja karibu na kivuko wanakotoa mtandao bila kumtazama mtu usoni. Mjukuu wa Doha akaacha kuganda.

Abubakar alihimili siku chache tu za hoteli, ambako humfukuza mtu asiyeagiza chakula. Mchana mmoja akabisha hodi, shikamoo yake imenyooka. Bi Mwanatabu na Mueni walikuwa wameketi mkekani, mbele yao tewa wa kupaka, na madirisha yamefungwa, kwa kuwa Bi Mwanatabu siku hizi aliyafunga mwenyewe akipika.

"Bibi," alianza Abubakar, akiweka mkono kifuani, "siku moja marehemu Hassan, kwa ukarimu wake…"

"Mwongo," alisema Bi Mwanatabu kwa upole. "Alikuwa bahili. Nawa mikono, ule."

Abubakar alitazama huku na huku kama anatafuta mtego, kisha njaa ikamkalisha. Akatoa simu. Bi Mwanatabu akamwondolea mkononi, akaiweka juu ya kabati. Halafu akachukua kichwa cha tewa, kizima, na mchuzi wake wa nazi ukidondoka, akakitia kwenye sahani ya Abubakar.

"Kichwa, bibi? Na wewe?"

Mueni aliinama haraka juu ya wali wake. Bi Mwanatabu alivuta mkia kwake.

"Sikipendi," alisema.